Kathini Alihama, Sasa Nainama Nikirusha Mpira

Mama Syombua mpendwa, nisaidie na tafadhali usinicheke, maana hapa shuleni nimechekwa vya kutosha. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu katika shule ya bweni huku Makueni, kwetu ni Tseikuru, baba yangu ananunua na kuuza mbuzi huko, na katika shule hii kitu kinachofanya watu wajue jina langu ni kimoja tu, softiboli. Mimi ndiye pitcha, yule anayesimama katikati ya uwanja na kuurusha mpira kwa chini, mkono ukizunguka, ili mwenye gongo ajaribu kuupiga. Anayechuchumaa nyuma ya mwenye gongo kuudaka na kunirudishia tunamwita kecha, na kecha wangu alikuwa Kathini.

Tulianza pamoja kidato cha kwanza, kitanda chake kilikuwa juu ya changu, na ndiye aliyekuwa akinieleza wasichana wakiongea Kikamba bwenini, kwa sababu nyumbani kwetu hatukiongei, mimi nakielewa kidogo na wakicheka nachelewa kucheka. Muhula huu tulipofungua nikakuta sanduku la mtu mwingine kitandani kwake, nikaambiwa mama yake amepasuliwa mgongo na baba yake amemhamisha shule ya kutwa karibu na kwao Ikutha ili aangalie wadogo zake, na simu haturuhusiwi, kwa hivyo hata kwaheri hatukuambiana, Mama Syombua, nililia chooni.

Tangu hapo nafanya mazoezi peke yangu jioni. Nimefunga tairi la pikipiki kwenye nguzo ya goli, naurusha mpira upite katikati, na kwa vile uwanja wetu umeteremka na mpira ninaopewa ni mmoja, nikirusha lazima nikimbie niushike kabla haujaingia kwenye mtaro ulio upande wa kulia, maana ukiingia huko utautafuta kwenye miiba mpaka kengele ya prepu, masomo ya usiku. Sijakosa hata jioni moja. Lakini badala ya kuwa mzuri nimeharibika, kifua kinatangulia, mguu wa nyuma unaruka, wa mbele unakanyaga kando kulia, na mpira unagonga chini kabla ya kufika. Mechi iliyopita niliwapa wapinzani beisi za bure, maana ukirusha vibaya mara nne mwenye gongo anatembea tu hadi kituo cha kwanza bila kupiga, mpaka wakatushinda bila jasho. Mwalimu Mwau wa michezo anapiga kelele, "Fartun, si usimame straight! Unaenda wapi?" na mimi sijui naenda wapi. Nimejaribu hata kufunga mwiko wa jikoni mgongoni kwa leso, chini ya sweta, ili nisiiname, nikaumia mbavu tu.

Sasa Mwalimu amesema michezo ya kaunti ikifika kama bado nainama ataweka mtu mwingine, na nikitolewa pale katikati sijui nani ataniita jina tena. Jumamosi usiku wenzangu wakienda kuimba Christian Union mimi nabaki bwenini, Waislamu tuko wachache na katika bweni letu niko peke yangu, nasikia nyimbo kwa mbali. Kuna msichana anaitwa Kanyiva anayefua nguo karibu na uwanja, siku moja alikuja akaniambia, "Wacha nikudakie," nikamrushia akageuza uso mpira ukampita, nikamwambia aache tu, hawezi, yeye si Kathini. Siku hizi anakaa kwenye jiwe akinitazama, na mpira ukiingia kwenye miiba anautoa na kuuweka chini, na hilo linaniudhi. Nimefikiria kumwomba baba anihamishe nirudi Tseikuru. Nifanye nini mgongo wangu unyooke?

Fartun, Makueni

*

Fartun, kwa mengine yote sikucheki, ila kwa huo mwiko nimecheka, nisamehe. Urudishe jikoni leo, watu wanataka ugali. Mgongo wako hauna shida yoyote.

Mimi nilikuwa kecha shuleni kwetu, na magoti yananikumbusha kila baridi ikija, kwa hivyo nikuambie ninachokiona. Mwalimu wako alikuuliza swali zuri akidhani anakukaripia. Unaenda wapi? Unaenda mtaroni. Umerusha na kukimbia, umerusha na kukimbia, mpaka mwili umezoea kuondoka kabla mpira haujatoka mkononi. Kifua kinatangulia kwa sababu kinaufukuza mpira. Mguu wa nyuma unaruka kwa sababu umeshaanza safari, na wa mbele unakanyaga kulia kwa sababu mtaro uko kulia. Ungekuwa mvivu kidogo, mwanangu, ungekuwa bado unarusha vizuri.

Pole kwa Kathini, na ninaisema pole hiyo kwa moyo wote. Kukuta sanduku la mtu mwingine kwenye kitanda cha rafiki yako kunauma, na hukukosea kulia. Lakini hatarudi muhula huu, na huenda asirudi kabisa, na hilo siwezi kukupunguzia. Muulize mwalimu anwani ya shule yake umwandikie.

Sasa nikugombeze. Kanyiva amekukosea nini? Ulimrushia mpira mgumu kwa nguvu zako zote, akageuza uso, kama nilivyogeuza mimi siku ya kwanza na kama alivyogeuza Kathini, na usiniambie hakugeuza. Ukamfukuza. Na bado anaingia kwenye miiba kukutolea mpira! Unaniandikia kwamba huna mtu, na mtu amekaa kwenye jiwe anakungoja, wewe unaudhika. Upweke wa bwenini uliletewa, lakini huu wa jioni umejitafutia, na ukihama utauhamisha nao mpaka Tseikuru.

Fanya hivi. Mwendee Kanyiva umwombe msamaha kwa maneno machache, kisha umtafutie glavu stoo. Simameni karibu, hatua chache tu, umrushie polepole mpaka aache kuogopa. Omba jivu jikoni uchore mstari kutoka mguuni kwako hadi kwake. Mguu wa mbele utue juu ya mstari na ukaze, ukuzuie usianguke mbele. Kidole gumba cha mguu wa nyuma kiburute vumbini kiache alama, na usipoiona alama ujue uliruka. Kichwa kikae juu ya kiuno. Usirudi nyuma hata kidogo mpaka hapo karibu pawe sawa, hata kama Mwalimu Mwau ana haraka.

Lililobaki ndilo litakalokuwa gumu kwako. Mpira ukishatoka mkononi, usiende popote. Miguu itataka kukimbia, ikatalie. Simama hapo hapo, inua glavu yako, ungoje. Kanyiva atakurudishia.