Rimu ya Nne ya Datsun ya Baba

S.L.P. 88,
Kapsoit,
Kericho.
22 Julai 2025

Mpendwa ndugu yangu Omariba,

Pokea salamu za nyumbani. Unaendeleaje na baridi ya Melbourne? Janefer na watoto hawajambo? Huku mvua ipo na chai inachumwa. Mama ni mzima, ila macho yamekataa kabisa. Watu sasa anawatambua kwa sauti.

Nimekagua rimu za Datsun ya Baba kama ulivyoniagiza. Tatu zilikuwa ghalani, mojawapo kuku wameifanya kiota. Nilizisugua kwa nyuma mpaka maandishi yakatokea: upana, mwaka, na alama ya mtengenezaji uliyonichorea. Mwaka ni mmoja kwa zote. Kisha nikakwaruza rangi kidogo na kudondosha siki, ikatoa povu palepale. Basi ni magnesiamu ya kweli, si aluminiamu ya kuigiza. Naziinua kwa mkono mmoja, na unajua mgongo wangu ulivyo mbovu.

Lakini mnunuzi uliyempata huko anataka seti ya rimu nne, na ya nne ndiyo kengele ya kanisa. Baba aliitoa gari lilipokufa, akaigonga mwenyewe kila Jumapili hadi alipotuacha. Nilimwendea Mzee Mathew wa kanisa. Hakuleta ubishi, alitaka tu tulete nyingine. Kipkosgei, fundi wa pale stendi, akanipa rimu ya lori, tukabadilisha.

Ya Baba imebonyea ukingoni ilikogongwa, lakini haina ufa. Seti kamili, dosari ni hiyo moja tu. Bei yake ingefufua injini, na Desemba ungeendesha gari la Baba kwa rimu za kawaida. Nilifurahi sana, ukweli usemwe.

Jumapili ya tarehe 13 rimu ya lori ililia mpaka kiwandani wakasikia. Waumini waliipenda. Ile yetu sauti yake ni ya chini na hukatika upesi, kama mgeni anayebisha hodi kwa haya.

Mimi hutangulia kupanga viti. Mama huja peke yake kengele ikilia, akifuata ua kwa mkono mpaka lango la kanisa. Siku hiyo hakuja. Baada ya ibada nilimkuta kitini, kitambaa kichwani, Biblia mapajani.

"Elmina, kwani leo hakuna kanisa?"

Nikamwambia kengele imelia, tena kwa nguvu.

"Hiyo nilisikia. Nikajua ni ya wale wa kanisa la juu. Ile ya baba yenu haijalia."

Niliumia, Omariba. Niliingia jikoni nikalia kidogo, kisha nikampakulia chakula.

Kesho yake nikairudisha rimu ya Baba kanisani. Mzee Mathew alicheka, akasema lori lilikuwa linampasua masikio. Juzi Jumapili Mama alifika kabla ya mhubiri, akaketi mahali pake.

Kwa hivyo mwambie mnunuzi ziko tatu. Najua tatu hazina bei ya maana, na gari litabaki ghalani. Itakuuma, nami inaniuma, lakini siitoi tena. Desemba ukija, Mzee Mathew amekubali ugonge wewe. Usigonge kwa nguvu. Baba hakuwa akigonga kwa nguvu.

Msalimie Janefer na watoto. Kemuma na shangazi Nyamoita wanakusalimu. Mungu akulinde kazini na njiani, akurudishe kwetu salama.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Elmina