Gorogoro Iliyobonyea

Mwende mjukuu wangu,

Huku Mukuyuni tuko wazima, na mbuzi wako amezaa mapacha. Umeniuliza kama kampuni yenu nayo ipunguze unga kwenye pakiti, kwa vile washindani wenu wanapunguza na wanawamaliza.

Nikiwa msichana niliuza ndengu sokoni. Jirani yangu aligonga kitako cha gorogoro yake, ule mkebe wa kupimia, kikaingia ndani, akashusha bei, wateja wakahamia kwake. Siku moja nikashika jiwe, nikaigonga yangu pia. Papo hapo mteja mmoja aliyenibakia akanipa mfuko, akageuka kusalimiana na watu. Hakuangalia nikipima. Nikampimia, kisha nikamwongezea kiganja kimoja juu.

Gorogoro hiyo ninayo bado, na haijanyooka. Kila nikipima, naongeza kiganja kimoja cha kulipia lile jiwe.

Ni mimi, susu wako.