Wembe, Miaka Uliyokubali Kuishi

Mwaka umegeuka sasa, Baba, tangu utuache. Wateja wako bado wanalalamika kwamba hakuna kinyozi mwingine anayeweza kunyoa na kupiga soga kwa pamoja bila kumkata mtu sikio.

Walikuita Wembe, na jina hilo lililetwa na ulimi zaidi kuliko kazi. Bwana harusi ulimnyoa huku ukimuusia mpaka akatokwa jasho. Mfiwa ulimnyoa bila neno. Mtoto aliyeogopa mashine ulimpa aishike kwanza, aisikie inavyonguruma.

Kisha kikaja kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, mdomo ukaenda upande. Mdomo ulirudi mahali pake, wewe hukurudi. Ulilala umegeukia ukuta. Wageni wakija, unajifanya umesinzia. Tukasema umechoka, tukupe muda. Wengine wetu, Mungu atusamehe, tulisema unadeka.

Mama ndiye aliyetandua kitanda akakuta vidonge vya presha chini ya godoro. Aliketi kando yako.

"Baba watoto, kumbe hunywi dawa?"

"Nikinywa nitaishi," ulimjibu. "Niishi nifanye nini? Kinyozi bila mkono ni kitu gani?"

Hakukugombeza. "Mimi sikuolewa na mkono. Kesho tunakwenda hospitali, hata kama ni kukubeba mgongoni."

Ulimtazama, wewe pande la mtu na yeye kiduchu, ukasema, "Utavunjika." Ulikuwa mzaha wako wa kwanza tangu uugue.

Daktari alituita sote. "Huku si kudeka," alisema. "Ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito. Huwapata wengi baada ya kiharusi, na ina tiba. Tukiipuuza, ataendelea kuacha dawa za presha, na kiharusi cha pili hakipigi hodi."

Haikuwa lelemama. Dawa za sonona zilikawia kuonyesha matokeo, ukataka kuzitupa. Mshauri wa hospitali alikuvumilia hata siku ulizompa mgongo. Shangazi, dada yako, alikutembeza uani jioni, mkibishana kila hatua. Mpaka mchana mmoja ukasukuma sahani: "Hakina chumvi hiki! Kimepikwa na adui?" Shangazi akapiga kigelegele. "Anayegombania chumvi amerudi duniani!" Chumvi yenyewe hukuipata, presha ilikukatalia.

Ulirudi kinyozini, ukakalia benchi la wateja. Mashine hukuishika tena. Jambo hilo lilikuuma, wala hukulificha. Lakini soga zilirudi, na hakuna aliyenyolewa pale bila kuulizwa kama amepima presha.

Uliposikia jirani yetu, fundi redio, amepata kiharusi na hataki kuona mtu, ulikwenda kwake na fimbo yako. Ulivuta kigoda kando ya kitanda chake. Halafu ukamwinamia: "Mimi dawa zangu nilizificha chini ya godoro. Wewe zako umeficha wapi?" Mkewe anasema mumewe alicheka huku akilia, kisha akaonyesha. Siku iliyofuata mliongozana kwa daktari wako. Leo anatengeneza redio kwa mkono mmoja, na alipokuja kwenye msiba wako alikaa na Mama hadi watu wote wakaondoka.

Daktari hakutudanganya: tiba hupunguza hatari, haiifuti. Kiharusi kilirudi miaka kadhaa baadaye, na safari hii hukuamka. Tulikulilia sana, Baba. Ila hakikukuta umegeukia ukuta. Kilikukuta katikati yetu, umeshawapakata wajukuu ambao kwanza hukutaka kuwangoja, na Mama anasema alipata alichokuwa akikiomba: kuzeeka nawe.

Unakumbukwa na mkeo, kiduchu wako, binti zako wawili na mwanao fundi umeme, wakwe zako, shangazi yetu, ambaye hana tena wa kubishana naye, wajukuu, vinyozi wenzako, na fundi redio.

Pumzika, Wembe. Maadamu tunaishi, hutatutoka moyoni.