Fundo la Vikuba kwenye Chupa za Paris

Kwa mama yangu, Bi Fatuma,

Shikamoo mama. Kabla hujampa Zuhura akusomee, tazama uzi niliofungia bahasha hii. Vuta mkia wake wa kushoto. Ukifunguka kwa mvuto mmoja bila kukatika, basi barua ni yangu, na kila utakachosomewa humu nimekiandika kwa mkono wangu. Afya yangu si mbaya, nasali na nala, na kile kikohozi cha kiyoyozi kimeniachia. Magoti yako yanasemaje siku hizi? Kuku wako wazima? Na huyo mdogo wangu bado analala mpaka jua limwite kwa jina? Zuhura, soma yote, usiruke.

Anayekuletea barua ni Bi Saida, mama wa Mombasa ninayekaa naye chumba kimoja hapa International City. Anapitia Unguja kwa bintiye kabla ya kwenda kwao. Ndiye yule aliyekupigia simu kukuonya Zuhura asije, ukamkatia. Alinieleza ulivyomjibu: "Asya kaniandikia mwenyewe kuwa Zuhura aje, wewe ni hasidi tu." Sikulaumu mama, lakini simu yangu anayo arbab, yule bwana mwenye duka. Ujumbe unaoupata anauandika yeye na mashine inamgeuzia Kiswahili. Lini mimi nikakuita "mama mpendwa sana"? Lini nikakuandikia nisiulize kuku?

Nilikuwa nakwambia nauza manukato. Sivyo hasa. Duka letu la Al Mankhool halina chupa hata moja mpya. Ni chupa za kale za Kifaransa, na arbab akiwa na raha hutuhadithia habari zake. Zamani hizo, bibi hajazaliwa, watengenezaji wa manukato wa Paris waliona harufu peke yake haitoshi, wakawaendea mafundi wa vioo wawatengenezee chupa zenye sura: ya ua, ya ndege, ya mwanamke aliyejitanda shela. Kizibo kilisuguliwa mpaka kikaikaa chupa yake tu, ukikipeleka kwa nyingine kinayumba. Kisha wanawake walikaa mezani wakafunika shingo ya chupa kwa ngozi nyembamba ya utumbo wa ng'ombe, wakaizungushia uzi na kuufunga, harufu isitoroke. Niliuliza kama ni ng'ombe kweli, isije ikawa yule mwingine wa haramu. Arbab alicheka mpaka akakohoa.

Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, askari wa kigeni walipanga foleni Paris wawanunulie wake zao. Wake hao wamekwisha kufa, na manukato mengine hayatengenezwi tena, ila chupa zimebaki na wako watu wanaozisaka dunia nzima. Wanachotaka hasa ni chupa ambayo haijafunguliwa, na manukato yake ndani, yameshakuwa rangi ya chai kwa uzee. Tupu haina heshima hiyo.

Mwanzo kazi yangu ilikuwa kupangusa vumbi tu. Siku moja nikamkuta arbab anahangaika na chupa, uzi unamteleza, vidole vyake vinene. Nikamwomba nijaribu. Mama, mikono yangu ilikwenda yenyewe. Nilifunga fundo letu la vikuba vya asumini, lile alilokufunza bibi nawe ukanifunza mimi kwa kunipiga vidole: mara mbili chini, mkia urudi kushoto, ili bi harusi akivua kikuba avute mara moja tu na asumini zisivunjike. Arbab akaigeuza ile chupa akaitazama. "Khalas," akasema, "kuanzia leo wewe kaa ndani, ufunge." Nilifurahi. Nilijiona nimerithi kitu chenye faida.

Humo ndani nilikaa na Neema, msichana wa Singida, mpole, mwimbaji wa kwaya. Yeye alijaza, mimi nilifunga. Tuliambiwa ni matengenezo, kwamba chupa kongwe hunywa manukato yake kidogo kidogo, nasi tunazirudishia. Tuliamini, maana nani kati yetu aliwahi kuona chupa kongwe? Siku Neema alipoambiwa achemshe majani ya chai mengi, akaniita jikoni. "Dada Asya, hii chai mbona hatuletewi vikombe?" Hapo tukafahamu kuwa ni ya kuyapa manukato mapya rangi ya uzee. Tulipomuuliza arbab alisema tufanye kazi, yalla, na kama hatutaki pasipoti zetu ziko kwenye kasha lake, tuone tutafika wapi bila yeye. Kuanzia hapo Neema hakuimba tena.

Akaja mama mmoja wa Kifaransa, mtu mzima, mteja wa siku nyingi. Alitoa mkobani chupa alizonunua kwetu nyakati mbalimbali akazipanga mezani, akatoa na kioo cha kukuzia. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Akamwambia arbab kwa Kiingereza cha taratibu: "Chupa hizi zimetoka nyumba mbalimbali na miaka mbalimbali. Imekuwaje zote zimefungwa na mkono mmoja? Na fundo hili silijui. Hakuna Mfaransa aliyefunga hivi." Kisha akavuta mkia wa kushoto, ngozi ikaachia, na duka lote likanuka manukato rahisi ya sokoni.

Nakwambia ukweli, kwanza nilisikia fahari, kwamba ameliona fundo lako. Hofu ilikuja baadaye.

Askari walioitwa na yule mama walipokuja, arbab aliapa kuwa ameibiwa. Akasema Neema ndiye aliyemimina manukato ya asili akayauza na kujaza uongo. Aproni ya Neema ilikuwa na madoa ya chai, mikono inanuka. Mimi hakunitaja, maana ananihitaji. Nilisogea nikasema kuwa Neema hana kosa, tumetumwa. Nilisema kwa Kiswahili na kwa Kiingereza changu cha kuombea maji, na arbab akawatafsiria kwa Kiarabu. Sijui alitafsiri nini. Askari alinipa pole. Neema alipokuwa akitolewa aliniambia, "Dada, nifungie sanduku langu, wasiliguse." Nimelifunga. Liko chini ya kitanda changu na kila nikilala nalihisi mgongoni.

Jioni hiyohiyo arbab alichukua simu yangu, akaniambia biashara itaendelea, ila sasa tutafunga kwa mafundo tofauti. Akauliza habari za Zuhura, ambaye kwa ujinga wangu nilishamsifia zamani kuwa ana mikono myepesi. Viza mliyopokea ni ya kiti cha Neema. Atakaa pale pale, atavaa aproni ile ile, na siku akija mteja mwingine mwenye kioo, atakayetolewa mlangoni ni yeye. Zuhura, najua umeshaaga mashoga zako wote na umeshonesha nguo. Nichukie ukitaka, lakini usije. Mama, ficha pasipoti yake hata kama ni ndani ya pipa la mchele.

Nami nimekata shauri. Bi Saida aliniambia, "Mwanangu, kuna wakalimani, si lazima akusemee huyo huyo aliyekutia motoni." Kesho asubuhi, badala ya kwenda dukani, nitakwenda kituoni kuomba mkalimani. Yule mama wa Kifaransa aliwaachia chupa zake. Nitaomba uzi na nitafunga mbele yao, waone ni mkono wangu, na kwamba aliyefunga na aliyejaza wote walitumwa na mtu mmoja. Huenda wakamwachia Neema. Huenda wakaniweka mimi mahali pake, kwa sababu nitakuwa nimejishuhudia. Naogopa, mama. Bi Saida ananiambia niache, nikalale, lakini ndege yake haingoji.

Nisalimie mjomba Hamadi aliyehangaikia viza ya Zuhura, umwambie asijilaumu, alidhani anatenda wema. Nisalimie bibi, umbusu mikono yake, na wala usimwambie fundo lake limefika wapi. Jirani yetu mshona mabaibui mwambie nguo za Zuhura asizifumue, zitavaliwa harusini kwake inshallah. Na wote wanaoniulizia waambie niko salama, uongo huo nakuruhusu.

Kama kutapita siku nyingi hunisikii, niombee dua. Na simu itaendelea kukuletea ujumbe kwa jina langu. Itakwambia nimepandishwa cheo, nimenenepa, nataka Zuhura aje haraka. Inaweza hata kukuulizia kuku, maana huyu mtu anajifunza. Usiijibu. Uzi huu uweke pamoja na nyuzi zako za vikuba. Maneno yangu yeyote anaweza kuyaiga. Nitakayemtuma nitamfunza kwanza fundo letu. Atakayekujia na habari zangu mpe uzi afunge, na asipofunga hivi, si mimi niliyemtuma.

Mwanao uliyempiga vidole,
Asya