Mguu Pande, Baba

Kwako Baba,

Leo sianzi na shikamoo. Nilikupa shikamoo kila asubuhi ya utoto wangu pale Chilangala, ndoo ya maji kichwani, na kila asubuhi ulinijibu, "Mguu pande!" Wenzangu walipata marahaba kwa baba zao. Mimi nilipata amri ya gwaride.

Ulirudi kutoka jeshini na begi moja, lakini maneno gunia zima. Mama ukamwita MP, yaani polisi wa jeshi, kwa sababu ndiye aliyetuchunga tusiguse mbaazi kabla hujafika. Jiko likawa mesi. Mimi nikawa kuruta. Ghala la korosho ukaliita korokoroni, na humo ulinifungia nikichelewa kurudi na maji. Nilikohoa vumbi la salfa ya kupulizia mikorosho, wewe uko nje unamwambia Mama, "Samaki mkunje angali mbichi." Mama alisimama mlangoni, akasema taratibu, "Baba Salma, mtoto anakohoa." Ukamjibu kwamba MP halindi wahalifu.

Haya, ulikuwa mtamu wa kusimulia, hilo sikunyimi. Jioni, miguu juu ya kigoda, ulitueleza kila neno lilikozaliwa. Afande ni la Waturuki, ulisema, likaja huku midomoni mwa askari wa Kisudani. Korokoroni ni Kiingereza cha banda la walinzi, askari wetu wakakitafuna upya. Na keya, kama alivyoitwa babu yako aliyebeba bunduki ya Mwingereza, ni herufi tatu tu za jina la jeshi lile, K, A, R, wazee wakazisema kwa mkupuo zikawa neno. "Neno lina ukoo kama mtu," ulisema, macho yakikung'aa. Nilikupenda sana saa hizo, Baba, ndiyo maana inaniuma mpaka leo. Ulimjua mzazi wa kila neno, na mwanao wa kumzaa ulimwita kuruta hadi anaolewa.

Siku ile ya kuolewa nilipiga magoti mbele yako. Nilijiambia, leo atasema. Nikatoa shikamoo kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia. Ukasimama wima, ukanipigia saluti. Loo, vigelegele! Wakasema mzee huyu ana vituko. Nilipanda gari la kwenda Masasi nalia, na Mama akadhani nalia kwa kumwacha yeye.

Kisha ukafa. Nilifika umeshafunikwa shuka.

Unawajua watani wetu, msiba kwao ni uwanja. Udongo wa kaburi haujakauka, Mama Zuhura, mtani na jirani yangu wa Masasi niliyekuja naye, alishafundishwa vituko vyako na watani wenzake wa pale kijijini, kavaa koti lako la kaki na kofia yako, fimbo kwapani, anatembea kifua mbele kama wewe mwenyewe. "Kuruta! Nani kala mbaazi?" Msiba mzima ukacheka. Alimwamuru hata shehe aende korokoroni. Watu waliokuwa wakikukwepa njiani walicheka hadi wakashika mbavu, eti afande karudi. Mimi nilikaa kwenye mkeka na hasira yangu. Kwao korokoroni lilikuwa neno la kuchekesha tu. Mimi nalijua hadi harufu yake.

Basi akaja mpaka mbele yangu, akasimama. Koti lilikuwa bado linanuka tumbaku yako. Sijui nini kilinipata, Baba. Nikasema, "Shikamoo, Baba."

Mama Zuhura akasahau anamwigiza nani. Akaniwekea mkono kichwani. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Pole, mama, pole."

Watani wenzake wakamrukia. "Aka! Umeharibu! Mzee huyu hakuwa anasema hivyo! Toa faini!" Watu wakaangua kicheko upya, na mimi nikalia kilio ambacho sikukulilia ulipotolewa nyumbani kwenda kuzikwa. Wakanipepea, wakasema masikini, alimpenda baba yake.

Ni kweli, nilikupenda. Lakini kumbe walijua. Miaka yote hiyo kijiji kizima kilijua kwamba hukuwahi kunijibu, na hakuna hata mmoja aliyekuambia.

Lala, afande. Gwaride limekwisha. Marahaba yangu nimeipata, imetoka ndani ya koti lako, kwa mtu mwingine.

Ni mimi, si kuruta,
mwanao wa kwanza