Viti Viwili Mbele ya Kanisa

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba kile kikohozi kimekwisha na umeacha kulala na dirisha wazi kama mtu asiye na mke wa kumkataza. Sisi huku tu wazima. Mama magoti yanamsumbua kwenye ngazi za kanisa, lakini akishafika kwenye kwaya huwezi kujua. Mimi ndiyo usiniulize, maana tangu Jumapili sijatulia. Jana nimemsuka mteja, upande mmoja mistari inakwenda mbele, upande mwingine inakwenda nyuma, na bado akanishukuru. Kaa chini, kaka. Baba amerudi.

Najua hapo umetaka kuikunja barua. Usiikunje. Nakupasha habari tu, tamu na chungu yake.

Alikuja saluni kabla ya hiyo Jumapili, mchana, wateja wamejaa. Akaketi kwenye benchi nao, mzee mwenye kipara kinachong'aa, kofia magotini. Nikamtania kwamba hapa tunasuka, na hata mimi mkono wangu una mipaka, penye jangwa sipandi kitu. Wanawake wakaangua kicheko. Naye akacheka, na alipocheka chanuo likanidondoka. Kilikuwa kicheko chako wewe, kile kinachoanzia puani. Unajua alipoondoka mimi sikuwa nimeng'oa hata meno ya utoto. Uso wake nilishausahau, lakini hicho kicheko nimekisikia kwako maisha yangu yote.

Tulikwenda kukaa nyuma ya saluni juu ya ndoo zilizopinduliwa. Akaniambia hakuja kudai nyumba wala chakula. Ile bendi ya dansi aliyokimbilia ilivunjika zamani, na yule mwanamke mwimbaji aliyemfuata huko alishamwacha. Alichotaka ni kurudi kanisani, tena kanisa lile lile, kwa sababu kwingine angesamehewa na watu ambao hajawakosea. Kilichomtisha ni kimoja tu, kwamba Mama akimwona atainuka na kutoka nje. Alisema Mama akitoka, yeye hatakuwa na uso wa kubaki, na hatajaribu tena.

Utaratibu wetu unaukumbuka. Anayerudi kundini hukaa kwenye kiti mbele, akiutazama ushirika, anasema kosa lake kwa mdomo wake, kisha mchungaji huuliza kama tunampokea. Basi mchungaji akaja nyumbani kumsikiliza Mama kwanza. Akamkuta anapiga pasi joho la kwaya. Mama akamjibu kwamba kanisa si jiko lake, haliwekei kufuli. Halafu akaendelea kuupiga pasi mkono ule ule mmoja wa joho mpaka nikasikia harufu ya kuungua. Mgeni alipoondoka nikamwuliza kama ameudhika. Akaniambia niende nikasuke watu.

Jumapili kanisa lilifurika, hata wale tunaowaona Krismasi na Pasaka walifika mapema. Sasa sikia kituko. Yule mzee mtunza kanisa, Bwana Funguo wetu, siku zote kazi yake ya viti vya mbele ni harusi. Mkono wake haujui kiti kimoja. Akapanga viwili sako kwa bako, na vitambaa vyeupe juu! Watu wakaanza kubana vicheko kwenye vitabu vya nyimbo. Baba akaketi kwenye kimoja bila kujua atazame wapi. Bwana Funguo hakuelewa kitu mpaka mkewe alipomkazia macho kutoka upande wa pili.

Baba akasimama. Hakupamba maneno. Alisema alikuwa mpiga tarumbeta wa kanisa hili, akakimbilia dansi na mwanamke, akamwacha mkewe na watoto wawili bila hata kuaga. Alisema miaka mingi alimkejeli Mungu mbele ya walevi ili wasijue jinsi anavyomwogopa. Akaomba msamaha. Mchungaji akatuuliza kama tunampokea. Hakuna aliyethubutu kujibu kabla ya Mama, na shingo zote zikageukia kwaya.

Mama akatoka kwenye mstari.

Nikajua yamekwisha. Kwaya hukaa mbele, mlango uko nyuma, kwa hiyo ilimbidi apite mbele ya Baba ili atoke. Nilitamani ardhi inimeze. Baba aliinamisha kichwa. Wakati huo huo Bwana Funguo alikuwa amekuja kwa kunyata kuficha kosa lake, amekikumbatia kile kiti cha pili anaondoka nacho. Mama akamfikia. Akakishika kiti, wakavutana kidogo maana mzee hakuelewa, akamnyang'anya, akakirudisha pale pale, akaketi.

Hapa, kaka, ndipo nilipomjua Mama. Alimwambia mchungaji kwamba utaratibu unasema anayerudi akae hapa, basi naye amerudi. Alisema tangu mumewe aondoke hajakosa ibada, lakini kila tukisali Sala ya Bwana, tukifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, yeye hufunga mdomo. Wenzake wa sauti ya kwanza hudhani anavuta pumzi. Alisema mwanamume huyu alipotea kwa miguu, na kila mtu akamwona. Yeye alipotea akiwa amesimama kwenye kwaya, joho limenyooka, watu wakimsifu kwa uvumilivu. Akaomba naye apokewe. Kisha, unamjua, akaongeza kwamba mtu asije akaanza kupiga vigelegele vya harusi, kurudi kundini ni kundini, ya nyumbani yatazungumzwa nyumbani. Kanisa zima lilicheka huku machozi yanatutoka.

Mchungaji akafungua kitabu chake cha ibada, akatafuta, akakifunga. Akaanza kuuliza kama tunawapokea hawa wawili, wala hakumaliza, tulikuwa tumeshasimama wote. Tukasali. Tulipofika pale mahali, bila mtu kumwambia mwenzake, kanisa zima tukanyamaza. Mama akayasema yale maneno peke yake. Sauti ikamkatika katikati. Akaanza upya, akayasema yote mpaka mwisho. Baba alikuwa amejifunika uso kwa kofia. Kaka, nina furaha mpaka naogopa!

Sitaki kukudanganya lakini. Baba analala kwenye chumba cha nyuma kwa Bwana Funguo na anamsaidia kufagia. Jumapili ile alikuja kula kwetu, akabisha hodi na huku mlango uko wazi. Mama alimpakulia, wakaongea habari za mvua. Wataishia wapi, sijui.

Nawe uliapa kwamba Baba akikanyaga kanisani hutakanyaga tena, ingawa sote tunajua uliacha zamani kabla ya yeye kurudi. Nilimwuliza Mama nikuandikie nini juu ya hilo. Nilidhani atataka nikubembeleze. Akafikiri, akasema mtu asikuharakishe, maana yeye alikuwa ndani ya kanisa na bado alichelewa. Ila uje, na hasira zako uje nazo, usidhani zitazuiliwa mlangoni. Anasema yeye aliingia na zake kila Jumapili, na Mungu akamvumilia.

Mbusu wifi kwa niaba yangu, na watoto uwaambie shangazi yao anawawazia. Mama anakusalimu kwa upendo mwingi, na anataka kujua kama unakula vizuri. Baba hakutuma salamu. Alisema hana haki hiyo mpaka wewe umpe. Mimi nakujulisha tu kwamba salamu anazo.

Mdogo wako akupendaye,
yule uliyemwita Kiherehere