Mkono Wangu Umekataa Piano

Mama yangu mpendwa,

Kamwene. Habari za hapo Igowole? Miguu yako inaendeleaje na baridi ya shambani, na baba kile kikohozi kimemwachia? Mimi nipo, napumua, Mungu ashukuriwe, ila leo sikuandikii kwa furaha. Mwandiko umepinda kwa sababu natumia mkono wa kushoto. Kwenye simu kila ukiniuliza nasema "nzuri tu mama", nikishakata nalia. Ndiyo maana nimeona niandike.

Mkono wa kulia umeharibika, mama. Ulianza kuuma nilipokuwa najiandaa kupiga piano mbele ya walimu wote. Nikadhani ni uchovu. Tangu baba anikalishe kwenye kinanda cha kanisa miguu yangu ikiwa haijafika chini, mpaka Iringa mjini kwa yule sista aliyenifundisha noti, mpaka Mbeya nilipokuwa nafundisha watoto wa watu, sijawahi kuvipumzisha hivi vidole. Huku Ujerumani ndiyo kabisa. Wenzangu wameanza piano wakiwa hawajui hata kufunga viatu, nikaona nikipumzika wataniacha. Nikafunga mkono kitambaa, nikaendelea. Asubuhi moja vidole viwili vikakataa kunyanyuka.

Daktari akaniambia, "Ukiendelea kulazimisha, hata kijiko hutashika."

Nikamuuliza nitapona lini.

"Kwa kupika na kufua, utapona. Kwa piano, hapana."

Chuo hakijanifukuza, wamenihamishia upande wa kutunga. Kuna muziki niliutunga kutokana na ulivyomlilia dada Neema siku tulipomzika. Nilikuwa niupige mwenyewe, ikabidi apewe kijana mmoja Mkorea, mimi nikakaa kwenye viti kama mgeni. Yule kijana anajua kazi, mama, hakukosea hata noti moja. Lakini pale ulipokuwa unavuta pumzi kabla ya kumwita Neema tena, yeye alipita moja kwa moja. Si kosa lake. Ile pumzi sikuiandika, nilijua nitaivuta mimi.

Watu walipiga makofi sana. Bibi mmoja wa Kizungu niliyekaa naye aliona machozi yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ni nani aliyekufa?"

Nikasema, "Dada yangu."

Akanishika mkono, ule ule mbovu. Ukaniuma, nikamwachia hivyo hivyo.

Sasa mama, baba ameshatangaza kanisani kwamba siku atakapomkabidhi mwalimu mwingine kwaya yake, mimi ndiye nitakayekuja kupiga. Kuja nitakuja. Kupiga siwezi. Nimejaribu mara nyingi kumwambia, nikisikia anavyocheka kwenye simu nashindwa. Nakuomba umwambie wewe. Mwambie akishakula, pasiwe na wageni. Akikuuliza kama nitapona, usimfiche. Akinyamaza, usimbembeleze, mwache anyamaze.

Nisalimie bibi, mwambie sweta lake ndilo ninalolalia. Msalimie shemeji, na wale watoto wawili dada aliotuachia uwashike vichwani kwa niaba yangu. Sista wa Iringa akipita hapo, mpe salamu tu, mengine nitamweleza mwenyewe.

Baki na amani, mama.

Ni mimi kitinda mimba wako,
Upendo